Piga picha mchoro wako kabla hujaufunga

Mchoro ulioharibika njiani ulikuwa wa akina mama wanaoanika dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza. Niliufanyia kazi karibu miezi miwili. Mteja wangu wa Dar es Salaam alipoufungua alikuta tundu kwenye kona ya juu, na rangi imebanduka kulizunguka. Nikaenda ofisi ya vifurushi nilikoukabidhi, nikaulizwa swali moja tu: una ushahidi gani kwamba ulitoka kwako ukiwa mzima? Picha pekee niliyokuwa nayo niliipiga usiku, taa ikimeremeta juu ya vanishi, kona yenyewe haionekani. Nilimrudishia mteja pesa yake yote. Iliniuma sana.

Tangu hapo hakuna kazi inayotoka kwangu bila kumbukumbu zake.

Picha napiga asubuhi, nje, kwenye kivuli cha ukuta, flashi nimeizima. Simu naiweka usawa wa katikati ya mchoro, isiinamie popote, maana ikiinama mchoro unatoka mpana huku na mwembamba kule. Naanza na mchoro mzima pamoja na kingo zake zote nne, kisha mgongo, mbao za fremu, sahihi, na kila kona kwa karibu. Baada ya hapo naurudisha ndani, nafunga mapazia na kuacha dirisha moja la ubavuni, mwanga uparaze uso wa kitambaa. Kwa mwanga huo kila ufa na kila kibonyeo hujitokeza. Ukikuta kasoro, usiifiche. Iandike, na mteja aijue kabla hajalipa.

Karatasi ya hali ya kazi si lazima iwe ndefu: jina, mwaka, aina ya rangi, kimo na upana kwa sentimita, kasoro zilizopo. Natoa nakala mbili, moja inasafiri na mzigo. Picha najitumia kwa barua pepe, kwa kuwa simu huibiwa. Namba ya kazi iandike kwa penseli kwenye mbao, si kwa kalamu ya wino mgongoni mwa kitambaa, kwani wino hupenya hadi mbele.

Kwenye kukausha ndipo wasanii wengi tunapoharakisha, hasa mteja akishalipa na anapiga simu kila siku. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Huganda kwa kuvuta oksijeni, taratibu, kuanzia juu kwenda ndani. Kidole kinaweza kutoka kikavu huku chini bado ni mbichi, na tabaka nene huhitaji miezi 6 hadi 12 kabla ya vanishi ya kawaida. Akriliki hukauka upesi, lakini joto huilainisha, na buti la basi lililopigwa na jua mchana kutwa kuelekea Singida ni tanuri. Nailoni yenye vipovu vya hewa ikigusa rangi iliyolainika, huacha alama za duara uso mzima. Ndiyo maana kinachogusa rangi kwangu ni karatasi ya kuokea keki, ile isiyonata. Nailoni hufuata juu yake, vipovu vikitazama nje, kisha kadibodi ngumu pande zote mbili na kinga ya ziada kwenye kona.

Wakati wa masika sifungi mzigo siku ya mvua. Unyevu ukifungiwa ndani ya nailoni huzaa ukungu, nasi wa kandokando ya ziwa unyevu tunaujua.

Ukituma nje ya nchi kwa kreti la mbao, kuna kanuni ya kimataifa iitwayo ISPM 15: mbao zipashwe moto hadi kiini chake kifike nyuzi joto 56 kwa dakika 30, kisha zigongwe muhuri. Plaiwudi haimo katika sharti hilo. Mwambie seremala mapema, kabla hajapiga msumari.

Napiga picha pia kila hatua ya kufunga, na ya mwisho kaunta, mzigo ukiwa kando ya risiti. Mpokeaji namwomba apige picha boksi kabla ya kulifungua, na asilitupe hata likiwa limechanika. Mzigo mwingine ulipofika umebonyea, nilituma picha zangu na zake siku ileile, na safari hii nikalipwa.