Pesa ya kaboni isikuchanganye, anza na mabua yako

Watu wakija kukuandikisha kwenye mradi wa kaboni, yaani ule wa kukulipa kwa kuhifadhi kaboni shambani mwako, wakaribishe na uwasikilize, lakini usianze kupigia hesabu mabati. Nalima mahindi na maharagwe huku Bungoma, magharibi mwa Kenya, na swali ninaloulizwa zaidi na majirani ni hili: kwani inalipa ngapi?

Tupige hesabu. Tuseme shamba lako linahifadhi tani moja ya kaboni dioksaidi kwa hekta kwa mwaka, na tani inauzwa dola 10. Hekta ni karibu ekari mbili na nusu, kwa hiyo ekari inakupa dola 4. Ni kama shilingi 500 kwa mwaka, na bado wenye mradi hawajakata gharama zao za kupima na kukagua. Mfuko mmoja wa mbolea hununui, hata ile ya ruzuku.

Sisemi ni utapeli. Huku kwetu magharibi ndiko mradi wa shirika la Vi Agroforestry na Benki ya Dunia ulikopata hati zake za kwanza za kaboni ya udongo (vyeti vya tani zilizohifadhiwa, ndivyo huuzwa) mwaka 2014, kupitia wakulima wadogo kama sisi. Ila faida ya kweli ya kazi ile ilikuwa mavuno. Pesa ya kaboni ilikuwa nyongeza tu, na wewe ihesabu hivyohivyo.

Sasa mabua. Ukiyachoma, kaboni inarudi hewani siku hiyohiyo, naitrojeni, chakula cha mmea, nayo inakwenda na moshi. Unabaki na majivu. Mimi huyalaza katikati ya mistari. Mvua ikikatika wiki mbili mwezi wa tano, funua mabua hayo: chini yake udongo bado unashikana mkononi, na minyoo wamejaa, wakati hatua moja pembeni ni vumbi. Shida ni ng'ombe. Huku kwetu, mahindi yakishavunwa shamba ni la kila mtu, na kumfukuza ng'ombe wa shemeji ni kutafuta ugomvi. Nimeona heri nusu wale, nusu ibaki, nami nipande nepia na kaliandra kwenye matuta ili wapate kingine cha kula. Pia usiyafukie mabua makavu karibu na kupanda ukasahau mbolea: vijidudu vinavyoyaozesha vitakula naitrojeni kwanza, na mahindi yatatoka ya manjano.

Samadi nayo wengi huiacha mvuani. Lundo likilowa likakosa hewa hutoa methani, gesi inayopasha dunia joto, na ile harufu inayokuchoma pua ni amonia, yaani mbolea yako inaondoka. Lifunike kwa majani ya migomba au turubai kuukuu, uchanganye na mabua yaliyokatwakatwa, uligeuze mara kwa mara. Kazi ni nzito, na vijana wataikwepa.

Kwenye yurea, ile mbolea ya dukani ya kukuzia, ndiko hasara ilikojificha. Asilimia 46 ya mfuko ni naitrojeni. Ukiimwaga juu ya udongo, jua linawaka, sehemu yake inapaa. Ukiiweka nyingi kwa mpigo shamba likiwa limejaa maji, sehemu nyingine inageuka naitrasi oksaidi, gesi ambayo kilo moja yake hupasha dunia joto kama kilo 270 hivi za kaboni dioksaidi kwa miaka 100. Palilia kwanza, subiri unyevu, weka kidogo kando ya shina, funika kwa udongo. Gawa mara mbili ukiweza. Hapo shilingi 500 zile utazipata bila kusaini popote.

Ukiamua kusaini, soma. Sheria yetu ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 inataka miradi ya ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato, lakini hiyo inahusu ardhi ya umma na ya jamii. Wewe mwenye hati yako binafsi, kinga yako ni karatasi unayotia sahihi. Uliza mkataba ni wa miaka mingapi, nani anamiliki hati za kaboni, na unadaiwa nini ukilazimika kulima upya shamba lote kwa trekta, maana kaboni iliyokaa udongoni miaka mingi hutoka haraka. Uliza pia itakuwaje mkigawana shamba na watoto. Mmoja aliyekuja kwetu hakuwa na jibu la hilo, akaondoka na fomu zake zikiwa tupu.