Kisima kinatoa mchanga: pampu mpya isubiri

Pole kaka, umeuliza kama ununue pampu mpya. Kama kisima cha biashara kinatoa mchanga na maji yamepungua, usikimbilie pampu mpya, nayo italiwa na mchanga. Sisi tuliunguza pampu mbili kabla ya kushusha kamera kisimani: chujio la plastiki (sehemu ya bomba la kisima yenye matundu ya kuingiza maji) lilikuwa limepasuka, ufa unaingia kidole. Fundi akatoa mchanga wote kwa kompresa ya hewa hadi maji yakawa maangavu, kisha akashusha bomba jembamba lenye chujio jipya ndani ya lile bomba la zamani la inchi 6, na changarawe safi kati ya mabomba hayo mawili. Maji yalipungua kidogo, ila mchanga umekoma kabisa. Hakikisha mapema pampu yako itapita kwenye bomba hilo jembamba! Na kabla hujaanza kuuza, tia klorini (dawa ya kuua vijidudu) kisimani, yamwage maji hayo, kisha peleka sampuli maabara. Watoto wanayanywa maji ya kisima hicho.