Nibaki kwenye saini za benki mpaka kiongozi mpya azoee?

SWALI: Nimekuwa mwenyekiti wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya wafanyakazi kwa miaka sita na muda wangu umeisha. Mkutano mkuu umemchagua binti wa miaka 31 ambaye hajawahi kukaa hata kwenye kamati ya mikopo. Ni mwaminifu na anajituma, ila ni mgeni kabisa wa kazi hii. Nimemkabidhi funguo, mihuri na majalada, tukasaini hati. Wajumbe wenzangu wa zamani wananisihi nibaki miongoni mwa watia saini wa benki kwa miezi sita, ili nimshike mkono. Kuna pia mtaalamu anayetuuzia fomu za makabidhiano pamoja na semina ya siku mbili. Nifanye nini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Nianze na la benki, maana swali hili huletwa kwangu kila msimu wa mikutano mikuu, na kila mara huja likiwa limevikwa huruma. Toka kwenye saini. Toka wiki hii. Bodi mpya ikae, iandike uamuzi wake kwenye muhtasari, na muhtasari upelekwe benki. Mara nyingi benki hutaka na barua ya Afisa Ushirika wa wilaya, kwa hiyo mwambie binti aanze kuifuatilia leo.

Sina shaka na nia yako. Ninachokipinga ni namna jambo lenyewe linavyokwenda. Hati ya malipo iko mezani, mwenyekiti mpya ameisoma, na kuna kiambatisho kimoja hakijamkaa vizuri. Karani anamwambia, "Mzee ameshasaini." Binti wa miaka 31, wiki ya tatu ofisini, atakataa? Atasaini. Miezi sita ikiisha atakuwa amefundishwa kutazama jina lako kabla ya kutazama namba. Zikija kupotea fedha, mkutano mkuu utamsimamisha yeye ajibu, na wewe utakutwa umeidhinisha malipo ya chama ambacho wanachama walikwisha kukupumzisha.

Kuna wanaonitolea mfano wa Mwalimu Nyerere, kwamba alipomwachia Mzee Mwinyi urais mwaka 1985 alibaki kuwa mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990. Ni kweli. Lakini uenyekiti ule ulikuwa cheo kinachojulikana, chenye vikao vyake, na alichaguliwa na chama chake kukishika. Hakubaki na kalamu ya Ikulu mfukoni. Tena Mzee Mwinyi hakuwa mgeni wa madaraka, kwa sababu alikuwa Rais wa Zanzibar tangu 1984. Mfano huo haukusaidii.

Sasa niseme linalonikera zaidi. Karibu kila kiongozi anayetoka hugawa vitu kinyume. Anachotakiwa kukiacha, yaani mamlaka, anakishikilia. Anachotakiwa kukitoa, yaani yale anayoyajua, anaondoka nacho kichwani. Kisha anaonyesha hati ya makabidhiano yenye saini nne na kusema, "Nimekabidhi kila kitu."

Niliwahi kuitwa kwenye chama kimoja cha wafanyakazi ambacho makabidhiano yake yalikuwa safi kuliko yote niliyowahi kuona. Majalada yamepangwa kwa miaka, kila muhuri umegongwa pembeni ya maelezo yake, hata idadi ya viti imeandikwa. Mwezi wa tatu chama kikakwama. Makato ya mishahara yalikuwa hayaingii kwa wakati, maombi ya mikopo yamerundikana, na wanachama wakaanza kuulizia akiba zao. Mwenyekiti mpya ameandika barua mbili kwa mwajiri, zote hazijajibiwa. Nikamtafuta yule wa zamani. Akanijibu kwa utulivu kabisa: "Ah, pale huandiki barua. Tarehe 20 unakwenda mwenyewe kwa mhasibu wa mishahara na orodha ya makato mkononi, mnahakiki majina pamoja, maana wapya na waliohama huwa wanachanganywa. Ukikosa siku hiyo, orodha inasubiri mwezi unaofuata." Alifanya hivyo kila mwezi kwa miaka yote ya uongozi wake. Hakuliandika popote kwa sababu kwake lilikuwa kama kupiga mswaki. Uhai wa chama kizima ulikuwa kwenye safari ile ya tarehe 20, na kwenye hati ya makabidhiano kulikuwa na idadi ya viti.

Kwa hiyo, mzee wangu, funguo umetoa, lakini kazi ya kumwandaa mwenzako bado hujaianza. Tafuteni jioni nne au tano. Mfungue leja ya mikopo, mwende mdaiwa mmoja mmoja kuanzia mwenye deni kubwa. Leja inasema fulani hajarejesha kwa miezi mitano. Wewe ndiye unayejua kwamba alifiwa, mkakubaliana kwa mdomo aanze upya baada ya mavuno. Au unajua kwamba ni msumbufu wa siku zote, na wadhamini wake wawili wanamwogopa. Mwambie. Kila ahadi uliyoitoa koridoni au kwenye simu mwambie, halafu aamue mwenyewe ipi itapelekwa kwenye bodi iandikwe na ipi imekufa na uongozi wako.

Kisha mfungue taarifa ya mwisho ya ukaguzi, iwe ya COASCO, shirika la serikali la ukaguzi wa vyama vya ushirika, au ya mkaguzi mwingine mliyemtumia. Hapa ndipo viongozi wengi wanaotoka hupata kikohozi. Hoja ambazo hazijajibiwa unazifahamu, na unafahamu kwa nini hazijajibiwa. Kama kuna mkopo uliopitishwa kwa shinikizo na sasa ni chechefu, yaani haurejeshwi, mweleze ulivyopita, nani alisukuma na ni dhamana gani haikuhakikiwa. Inaumiza kumwonyesha mtu wa umri wa mwanao mahali ulipoteleza. Lakini shinikizo lile lile litarudi kwake, pengine kwa mdomo ule ule, na akiwa hajui historia yake atalipokea kama ombi la kawaida.

Ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa, nao usiusahau. Mkutano mkuu uliupitisha ukapelekwa kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika, sawa, na tarakimu ataiona kwenye majalada. Asichokiona ni mlivyoifikia tarakimu hiyo, na ni kiasi gani cha mkopo wa benki kimekwisha kula nafasi iliyopo. Hilo dakika kumi zinatosha. Nywila za MUVU, mfumo wa kompyuta wa usimamizi wa vyama vya ushirika, abadilishe mwenyewe, wewe usizijue.

Baada ya hapo kaa nyumbani. Akikupigia, pokea na umweleze unachokijua, ila usimwamulie. Usiende ofisini bila kuitwa. Karani akikupigia kuuliza jambo la chama, mrudishe kwa mwenyekiti wake hata kama jibu unalo mdomoni.

Kuhusu huyo mtaalamu wa fomu na semina, nitasema bila kumung'unya. Msimpe shilingi ya wanachama. Fomu hizo nimeziona: jina la chama kimoja limefutwa, la kingine limewekwa, na kwenye moja niliyoletewa walisahau hata kufuta jina la kijiji cha watu wengine. Semina ya siku mbili ya "uongozi bora", yenye cheti na picha ya pamoja, haitamfundisha binti huyu kusoma mizania ya chama chake. Afisa Ushirika ana wajibu wa kuvielimisha vyama, na mafunzo ya bodi yanaweza kuombwa kwake au kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa. Anayekuja na ankara kabla hajauliza chama chenu kina wanachama wangapi, anauza karatasi.

Na hili nawaambia wote, wa SACCOS, wa AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao), wa vikoba, hata kamati za maji na misikiti na makanisa. Mgeni wa kazi si hatari kubwa kama mnavyodhani. Mgeni huuliza, na anayeuliza hukawia kusaini. Katika vyama nilivyopata kuitwa baada ya fedha kupotea, sikumbuki hata kimoja ambacho chanzo kilikuwa kiongozi mpya asiyejua. Nilichokikuta tena na tena ni saini ya mtu aliyekwisha kuondoka, ambayo hakuna aliyeona haja ya kuiondoa kwa sababu "mzee tunamwamini". Nendeni kwenye benki zenu mwombe orodha ya watia saini wa akaunti ya chama, muisome jina kwa jina mbele ya Kamati ya Usimamizi. Kuna watakaokuta jina la mtu aliyehama mkoa. Kuna watakaokuta la marehemu.

Wewe, mzee wangu, jioni ya kwanza iwe ya leja. Nenda na daftari tupu, umpe binti, yeye ndiye aandike.