Maleba: soma kanga kabla ya kutazama rangi

Wewe unayeanza kazi ya maleba, yaani mavazi ya waigizaji, kwenye maigizo ya muziki, ngoja nikupe aibu yangu uitumie.

Igizo letu lilikuwa la Unguja mwaka 1928, ule ambao Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri. Kanga niliziazima kwa mama na mashangazi, nikazipiga pasi, nikaona nimemaliza. Usiku wa kwanza, katikati ya wimbo wa msiba, mwigizaji akainama kuokota birika. Mgongoni, kwa herufi kubwa: TANZANIA. Mzee mmoja safu ya mbele akasema kwa sauti, "Mwanangu, nchi hiyo bado haijazaliwa." Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Jina hilo ni la 1964. Hata hati yenyewe iangalie: kanga nyingi za zamani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, za Kirumi zikaja baadaye. Halafu kuna cheo. Kaniki ilikuwa nguo ya watumwa na maskini. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka utumwani waliivua wakajifunga kanga. Ukimvika kaniki mhusika wa 1928, watazamaji wanaojua wameshamsoma kabla hajafungua mdomo. Basi muulize mwongozaji kama ndivyo anavyotaka.

Kwa ndani, danganya utakavyo. Mwigizaji ana nusu dakika ya kubadili nguo nyuma ya pazia, hana muda wa kufunga vifungo kumi na viwili. Vishone juu kama urembo, chini yake weka zipu au kulabu. Velkro nimeachana nayo: ikibanduliwa inapiga kelele, na maikrofoni iko pale pale kifuani. Betri ya maikrofoni ishonee mfuko wa pamba kiunoni, maana jasho la mwimbaji si mchezo. Na ukimpima kifua, mwambie kwanza avute pumzi kama anayetaka kushika noti ndefu.

Wako wanaochanganya zama kwa makusudi. Kwenye Hamilton, igizo la muziki la Marekani, mbunifu wa maleba Paul Tazewell aliwavika waigizaji nguo za karne ya 18, nywele zikabaki za leo. Inapendeza kwa sababu ni jukwaa zima. Mmoja akivaa raba peke yake, hapo mtu kasahau tu.

Siku hizi, kabla pazia halijafunguliwa, napita na kikapu kukusanya saa za mkononi. Sijawahi kurudi nacho kitupu.