Muulize Fundi wa Waya: Taa nyekundu ya Morris

SWALI: Mzee Fundi, pokea salamu kutoka Njoro. Nina Morris Minor ya mwaka 1959 niliyoachiwa na marehemu baba. Siku hizi nikiteremka kwenda Nakuru mjini, taa nyekundu ya chaji haizimi. Inafifia tu, na nikikanyaga mafuta inang'aa tena. Nimenunua betri mbili ndani ya miezi minane. Tena kuna kitu kinakwaruza huko mbele. Makanika wa hapa anasema dainamo, ile mashine ya kuchaji betri, imekufa, niing'oe aniwekee alteneta (mashine ya kuchaji ya magari ya kisasa) ya Probox aliyo nayo. Nifanyeje? – Mwalimu mstaafu, Njoro

JIBU: Mwalimu, salamu zimefika Kisumu. Huyo kijana mwambie alteneta yake airudishe chini ya benchi kwanza. Morris yako, kama hakuna aliyeigeuza, imefungwa betri kinyume na magari ya leo: chanya ndiyo inayoshika bodi. Alteneta ya kisasa ukiipachika hivyo hivyo, diodi zake (vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zinaungua papo hapo, na pesa yako imekwenda. Betri ya tatu nayo usinunue. Betri haina kosa lolote hapa, inakufa njaa tu.

Anza na mkanda unaozungusha dainamo, kwa sababu ni bure. Bonyeza katikati kwa kidole gumba. Ukizama milimita 13 hivi, uko sawa. Ukizama zaidi, unateleza kila ukikanyaga mafuta, na hilo peke yake linaweza kuleta taa yako.

Mkanda ukiwa mzima, tafuta mita ya volti. Nyuma ya dainamo kuna vichwa viwili vya nyaya, kikubwa kina herufi D na kidogo F. Chomoa nyaya zote mbili, kisha unganisha D na F kwa kipande cha waya mtupu. Mkono mmoja wa mita uguse hapo, mwingine uguse ganda la dainamo (kwenye Morris yako mwekundu ndio unaokwenda kwenye ganda). Washa injini, iache ingurume polepole, halafu ongeza mafuta kidogo kidogo. Mshale unatakiwa kupanda haraka bila kuyumba. Usiuache ufike volti 20, na usiikimbize injini kuulazimisha upande. Mshale usiposogea kabisa, tazama brashi, vile vipande vya kaboni vinavyopokea umeme. Ukikwama kwenye volti 1, shuku koili za fieldi, zile nyaya zilizosokotwa ndani ya ganda kutengeneza sumaku. Ukisimama karibu na 5, shuku amecha, ile sehemu inayozunguka ndani. Dakika kumi tu, na utajua zaidi ya huyo aliyekuuzia betri mbili.

Lakini mimi nimeshikwa na huko kukwaruza. Upande wa puli, dainamo yako ina beringi ya gololi, na hiyo hudumu. Upande wa nyuma ina bushi ndogo ya shaba yenye vinyweleo, inayokunywa mafuta kama sponji. Tazama katikati ya kifuniko cha nyuma, kuna tundu la kutilia mafuta. Madereva wa zamani walilijua, wa leo hata hawajaliona. Bushi ikikauka inaliwa, amecha inalala upande mmoja na kuanza kusugua vyuma vya fieldi. Ndiyo sauti unayoisikia. Na kwa kuwa amecha inacheza, brashi zinarukaruka. Spidi ikiongezeka zinaruka zaidi, chaji inapungua, taa inang'aa.

Ifungue ujionee. Kuna skrubu mbili ndefu zinazopita mwili mzima. Zitoe, vuta kifuniko cha nyuma taratibu, amecha itatoka na upande wa puli. Kama nimekisia sawa, utakuta imeng'aa kama kisu kilichonolewa pale iliposugua. Pima brashi: iliyobaki chini ya milimita 9 itupe, ubadilishe zote mbili pamoja. Komyuteta, ile pete ya vipande vya shaba inayoguswa na brashi, ikiwa na rangi ya chokoleti sawasawa pande zote, ni nzuri, ipanguse kwa kitambaa chenye petroli. Ikiwa chafu, tumia msasa laini wa kioo, si ule mweusi wa chuma, maana chembe zake hujipenyeza kati ya vipande vya shaba. Kipande kimoja kikiwa kimeungua cheusi peke yake, hapo waya umekatika ndani na amecha inataka kusukwa upya. Hiyo si kazi ya nyumbani.

Bushi mpya iloweke kwenye mafuta mepesi ya injini saa 24 kabla ya kuipiga mahali pake. Na nakuomba, mtu asiipanue kwa riima, kile chuma cha kukwangua tundu, ikiisha kuingia! Vile vinyweleo vinazibwa, na umenunua kipande cha shaba tu. Vijana wa jua kali watakukerezea bushi ya shaba ngumu kwa nusu ya bei. Itaingia vizuri, itazunguka vizuri, na baada ya muda mfupi utaniandikia tena.

Ukishaifunga, kabla hujarudisha nyaya, chukua waya kutoka upande wa betri usioshika bodi, kwako ni hasi, uguse kichwa cha F mara mbili tatu, cheche kidogo tu. Hapo unaikumbusha dainamo upande wake wa chanya na wa hasi. Mwaka 1994 niliruka hatua hii kwenye Land Rover ya padri mmoja, nikaona ni mambo ya vitabuni. Dainamo ikazalisha kinyume, katauti (swichi inayounganisha dainamo na betri) ikafunga, ncha zake zikashikana kama zilizochomelewa, na moshi ukatoka kwenye regyuleta, kile kisanduku kinachodhibiti chaji, padri akiwa amesimama pembeni na kofia mkononi. Regyuleta niliilipa mimi.

SWALI: Fundi, Beetle ya baba mkwe ikisimama kwenye foleni ya Kondele usiku, taa zinafifia na ile nyekundu inapepesa. Inaharibika? – Kisumu

JIBU: Hapana. Dainamo ikizunguka polepole haitoi kitu, betri ndiyo inayobeba taa. Ukiondoka, kila kitu kikae sawa. Ila taa nyekundu ikiwaka kabisa ukiwa mwendo wa kasi, usiseme utafika nyumbani kwanza. Beetle haina maji, mkanda unaozungusha dainamo ndio huo huo unaozungusha feni ya kupoza injini. Simama hapo hapo, zima, ufungue nyuma uutazame.