Maswali na majibu: "For the time being" bila tarehe ni mtego

Mwalimu, "for the time being" na "in the meantime" zatofautianaje? – Mwanafunzi wa kidato cha nne, Kakamega

"For the time being" hueleza hali ya sasa ambayo mwisho wake haujawekwa: "I am staying with my aunt for the time being." Utakaa kwa shangazi hadi hali ibadilike, na hujui ni lini. "In the meantime" hutaka kuwe na jambo linalosubiriwa: "The bus leaves at four. In the meantime, let us eat." Basi la saa kumi ndilo mpaka. Katika zoezi la kujaza mapengo la KCSE, lenye alama 10, usijaze pengo la namna hii kabla ya kusoma sentensi iliyotangulia na kutafuta kinachosubiriwa.

"At the meantime" ni sahihi? – Wasomaji wa Nakuru, Kisumu na Bungoma

Si sahihi. Nimelijibu hili mara nyingi kwenye safu hii. Someni majibu yaliyopita kabla ya kutuma swali.

Nafanya kazi shamba la maua Naivasha. Barua yangu yasema, "You are engaged as a casual for the time being." Huu ni mwezi wa saba. Kiingereza hicho kina kosa? – Msomaji, Naivasha

Kiingereza hakina kosa lolote, dada yangu, na hapo ndipo hatari ilipo. Maneno hayo hayana siku ya mwisho. Mwenye kuyaandika anaweza kuyavuta mwaka mzima, au akakuachisha kesho, na barua isimsute.

Sheria ya Ajira ya 2007 haikubali maneno matupu hivyo. Kifungu cha 10 kinataka maelezo ya kazi isiyo ya kudumu yataje muda inaotarajiwa kuendelea, au tarehe ya kumalizika ikiwa ni mkataba wa muda maalum. Kifungu cha 37 nacho chasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, hahesabiwi tena kuwa wa kutwa. Analipwa kwa mwezi, na kumwachisha kunahitaji notisi ya maandishi ya siku 28. Wewe una miezi saba! Weka barua hiyo pamoja na kila karatasi ya malipo, umwone afisa wa leba.

Na wengine wote: mkiletewa karatasi yenye "for the time being", "until further notice" au "on a temporary basis", ulizeni "mpaka lini?" kabla ya kutia sahihi. Mwenye nyumba akikuandikia kwamba maji yatakosekana "for the time being", mdai tarehe vilevile.

Nimeona kibanda karibu na soko la Kibuye kimebandikwa "Temporal closed". Ni sawa? – Kondele, Kisumu

La. Ni "temporarily closed". "Temporal" ni la mambo ya wakati, au ya dunia hii yakilinganishwa na ya kiroho. Halina kazi mlangoni pa duka. Walimu wa "temporal" ninaosikia wakitajwa kila muhula ni "temporary teachers". Na wateja wa Kibuye wote wanajua Kiswahili: "Tumefunga kwa muda. Tutafungua Jumatatu." Hapo mtu anajua siku ya kurudi.

Binamu yangu aliye Marekani aliniandikia, "I will call you momentarily." Nikadhani atanipigia kwa dakika moja tu, akaongea saa nzima. – Lanet, Nakuru

Alimaanisha atakupigia punde. Ndivyo Wamarekani wanavyolitumia. Kwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho shule zetu hukifuata, kawaida ni kwa muda mfupi sana: "The lights went off momentarily." Kwenye mtihani na barua rasmi, shika hiki cha pili. Ukitaka kusema punde, andika "shortly" au "in a moment".

"I have been sick for sometime." Mwalimu wangu amenikata alama. Kwa nini? – Webuye

Amefanya vyema. Muda ni "some time", maneno mawili. "Sometime" likiunganishwa ni siku fulani isiyotajwa: "Come and see us sometime." Vivyo hivyo andika "for a while". "Awhile" moja haitanguliwi na "for": "Stay awhile."