Picha Safi Inapoficha Dozi: Kwenu Mnaoanza Kazi ya Eksirei

Wadogo zangu mnaoanza kazi katika vyumba vya eksirei hapa Dodoma, nilijifunza kazi hii enzi za filamu, na filamu ilikuwa mwalimu mkali: ukizidisha mionzi, picha ilitoka nyeusi tii na kila aliyeiinua kwenye mwanga aliliona kosa lako. Mtambo wa kidijitali haukaripii. Ukizidisha dozi, yaani kiasi cha mionzi, mara mbili, kompyuta hurekebisha weusi na weupe, picha hutoka haina chenga hata kidogo, na daktari hukusifu. Ndivyo vipimo vya chumba kizima vinavyopanda kidogo kidogo bila mtu yeyote kuamua kuvipandisha.

Nami nilinaswa humo. Katika hospitali niliyofanyia kazi zamani, mama kutoka Bahi alimleta mwanawe wa miaka miwili apigwe picha ya kifua. Mtoto alifurukuta, nikarudia, akafurukuta tena. Badala ya kutulia nimwoneshe mama namna ya kumshika mabega, nilipandisha dozi na kupiga ya tatu. Ilipendeza. Kisha nikaona kwamba picha imefika hadi nyonga, maana sikuwa nimebana mwanga wa kolimeta, kifaa kinachopunguza eneo linalopigwa mionzi, na kiashiria cha mionzi pembeni mwa skrini kilikuwa kimepita mbali kiwango kinachotakiwa. Yule mama hakuwa na njia ya kujua, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Picha moja ya kifua cha mtu mzima ni takribani milisiveti 0.02 tu (milisiveti ni kipimo cha athari ya mionzi kwa mwili mzima), ilhali mionzi ya asili humpa binadamu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. CT ya tumbo, yaani eksirei inayozunguka mwili na kutoa picha za vipande vyembamba, huweza kufika milisiveti 8. Msichanganye aina mbili za madhara. Wekundu wa ngozi huanzia takribani grei 2 (grei hupima mionzi inayofyonzwa na sehemu ya mwili), na mtoto wa jicho takribani grei 0.5, viwango ambavyo picha za kawaida hazivifikii. Saratani ni jambo jingine: mionzi hukata nyuzi za DNA, seli nyingi hujirekebisha au hufa, lakini ile iliyojirekebisha vibaya yaweza kuzaa uvimbe baada ya miaka mingi, na katika kinga tunachukulia kwamba hakuna dozi isiyo na hatari kabisa. Mtoto huathirika zaidi kwa sababu seli zake zinagawanyika kwa kasi na bado ana miaka mingi ya kuishi.

Kuhusu ninyi wenyewe, mionzi inayowafikia ni hasa ile inayotawanyika kutoka mwilini mwa mgonjwa. Ukiongeza umbali mara mbili, hupungua hadi karibu robo. Vaeni beji ya kupima mionzi kila siku, kwani kikomo chetu cha wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka hakina maana kama beji imebaki kabatini.

Anzeni na daftari. Kila picha iliyorudiwa iandikwe pamoja na sababu yake na namba ya kiashiria, nanyi mlisome daftari hilo kila Ijumaa kabla ya kuzima mtambo.